Nyonga Iliyojaa Usaha Baada ya Uzazi: Maswali Yenu na Majibu ya Daktari

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina umri wa miaka 27 na ninaishi Morogoro. Mtoto wangu wa pili nilimzaa kwa njia ya kawaida, nikachanika msamba na kushonwa nyuzi kadhaa, kisha nikaruhusiwa kurudi nyumbani siku iliyofuata. Siku ya 9 nilianza kusikia maumivu kwenye kinena cha kulia yaliyoshuka hadi gotini. Mama mkwe, ambaye ndiye aliyekuwa akinikanda kwa maji ya moto, alisema nyonga zimeachia na zitarudi zenyewe arobaini ikifika. Nilipopata homa na kutetemeka nilikwenda kituo cha afya nikapewa dawa za malaria. Homa iliporudi nikaambiwa ni U.T.I., nikapewa vidonge vya siku 5. Nilipigwa pia picha ya eksirei, nikaambiwa mifupa ni mizima. Siku ya 19 sikuweza kabisa kukanyaga chini. Mume wangu alinibeba hadi hospitali ya rufaa, ambako walinichoma sindano kwenye kinena wakavuta usaha, na usiku uleule nikafanyiwa upasuaji wa kusafisha kiungo. Nililazwa wiki 3 nikichomwa sindano, na sasa niko nyumbani na vidonge vya wiki 3 nyingine pamoja na magongo mawili. Ninaomba kujua vijidudu hivyo vilitoka wapi, na kama ni kule kukandwa kulikonidhuru. Kwa nini picha haikuonyesha kitu? Je, nitatembea tena bila magongo? Na je, niendelee kumnyonyesha mwanangu nikiwa ninatumia dawa hizi?

Mama wa Wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana. Ulichougua ni uambukizi wa usaha ndani ya kiungo cha nyonga, ugonjwa ambao sisi madaktari tunauhesabu kuwa wa dharura sawa na kidole tumbo kilichopasuka. Kwa mama aliyetoka kujifungua ugonjwa huu ni nadra, na unadra wake ndio unaoongeza hatari, kwa maana mkunga anaweza kuhudumia mamia ya wazazi wanaolalamika nyonga bila kukutana na hata mmoja mwenye usaha, na akikutana naye huwa ameshazoea kuwaambia wote kwamba maumivu yatapita.

Nianze na swali la vijidudu. Kiungo cha nyonga kimezama ndani sana, chini ya misuli minene, wala hakigusani na njia ya uzazi. Kwa hiyo bakteria walifika pale kwa kusafiri ndani ya damu, na mwili wa mzazi katika siku zile za mwanzo una milango mingi ya kuwaingiza. Mahali kondo la nyuma lilipobanduka ndani ya mfuko wa uzazi hubaki kidonda kibichi kipana. Msamba uliochanika ni mlango mwingine. Mrija wa mkojo ukiwa uliwekwa wakati wa uchungu, nao ni mlango. Chuchu zilizopasuka, titi lililofanya jipu, hata tundu dogo la kanyula, ule mrija mdogo wa kuwekea dripu, mkononi ambalo limevimba na kuwa jekundu, vyote vinaweza kuwa njia. Wahalifu wakubwa ni stafilokoka, ambao huishi kwenye ngozi na puani mwa watu wazima wenye afya bila kuwadhuru, na streptokoka, ambao baadhi yao huishi ukeni. Utando unaofunika kiungo kwa ndani una mishipa mingi midogo ya damu na hauna ukuta imara wa kuzuia, hivyo bakteria waliomo kwenye damu huupenya kwa urahisi kuliko sehemu nyingi za mwili. Kutoka hapo huingia pia kwenye mfupa wenyewe, kwa kuwa shingo ya mfupa wa paja iko ndani ya mfuko wa kiungo hicho. Mlango gani hasa ulitumika kwako, barua yako hainiwezeshi kusema. Tazama hati ya kuruhusiwa uliyopewa hospitalini: usaha ule ukioteshwa maabara, jina la bakteria aliyepatikana huandikwa pamoja na dawa zinazomuua. Itunze karatasi hiyo kama unavyotunza kadi ya kliniki, kwa sababu ugonjwa ukirudi miaka miwili baadaye ndiyo itakayookoa muda.

Kuhusu kukandwa, ninakuomba usimlaumu mama mkwe. Maji ya moto hayakupeleka bakteria kwenye nyonga yako. Yeye aliisoma hali yako kwa kadiri alivyoona kwa wazazi wengine, ambao wengi wao kweli nyonga zao zilikuwa zimelegea tu, na wataalamu waliokupima homa kwa kipimajoto walikosea vilevile. Madhara ya kukandwa yalikuwa mawili: kukutia maumivu kwa kukichezesha kiungo kilichojaa usaha, na, kubwa zaidi, kuwapa watu wote imani kwamba jambo linashughulikiwa, siku zikaendelea kwenda. Mguu wa mzazi ukivimba, ukiwa wa moto, au akishindwa kuuinua, usikandwe wala kuchuliwa hata kidogo, na hapa ninaongeza sababu nyingine isiyohusiana na usaha: mguu huo unaweza kuwa na damu iliyoganda kwenye mshipa mkubwa, na kuuchua kunaweza kulisukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu na kumuua mama kwa dakika chache.

Maumivu yako yalishuka hadi gotini, na jambo hilo hupotosha wengi. Mshipa wa fahamu unaopeleka habari kutoka kwenye nyonga hutoa tawi la goti pia, kwa hiyo ubongo hushindwa kutofautisha. Nimewahi kuona mgonjwa aliyepigwa picha za goti mara mbili ilhali goti lake lilikuwa zima kabisa. Dalili inayosema ukweli ni jinsi mgonjwa anavyolala: hukunja paja kidogo na kuligeuzia nje, kwa kuwa katika mkao huo mfuko wa kiungo hupata nafasi kubwa zaidi na shinikizo la usaha hupungua. Mwambie alale chali, kisha uuzungushe mguu wake taratibu kama unavyobingirisha mpini wa jembe sakafuni, bila kuuinua. Mwenye misuli iliyochoka atakuruhusu. Mwenye usaha ndani ya kiungo atapiga kelele kabla hujaanza.

Sasa picha ya eksirei. Eksirei huona madini ya mfupa, na mfupa ulioambukizwa hauna budi kupoteza takribani asilimia 30 hadi 50 ya madini hayo ndipo doa lionekane kwenye picha, jambo linalochukua kati ya siku 10 na 14 au zaidi. Kwa hiyo picha yako haikuwa ya uongo. Ilipigwa mapema mno kwa swali lililoulizwa. Kosa lilikuwa kuichukua picha safi kama hati ya kuthibitisha kwamba hakuna ugonjwa. Kipimo ambacho kingesaidia wiki ile, na ambacho hospitali nyingi za wilaya zinacho, ni ultrasaundi ya nyonga, kwa kuwa huonyesha maji yaliyojaa ndani ya kiungo. Yakionekana, daktari huingiza sindano na kuyavuta yakapimwe. Hospitali kubwa zenye mashine ya MRI, inayopiga picha kwa nguvu ya sumaku, zinaweza kuona mabadiliko ndani ya mfupa katika siku chache za mwanzo. Damu nayo huoteshwa maabara, na ichukuliwe kabla dawa ya kwanza haijaingia mwilini, ilimradi kufanya hivyo kusimcheleweshe mgonjwa aliyezidiwa.

Vipimo vya kawaida vya damu vina mtego wake kwa mzazi. Chembe nyeupe hupanda wakati wa uchungu hata kwa mama asiye na ugonjwa wowote, na kasi ya damu kutuama, ambayo maabara huandika ESR, huwa juu katika ujauzito na hubaki juu kwa wiki kadhaa baadaye. Kipimo cha CRP, ambacho nacho ni cha damu na huonyesha kama mwili unapambana na uambukizi au uvimbe, hupanda pia kwa ajili ya kujifungua, lakini hushuka upesi zaidi. Kikiwa juu sana wiki ya pili au ya tatu, kuna kitu kinachokipandisha na ni lazima kitafutwe.

Niseme jambo moja ambalo pengine halitawafurahisha wenzangu. Katika nchi yetu homa ina majina matatu tu: malaria, taifodi na U.T.I. Anayefika na homa haondoki bila kupewa mojawapo, na mara nyingine hupewa mawili. Kuwa na malaria hakumzuii mtu kuwa na usaha kwenye nyonga, na chembe chache za usaha kwenye mkojo wa mama ambaye bado anatokwa na damu ya uzazi hazitoshi kueleza kwa nini hawezi kukanyaga. Tena vile vidonge vya siku 5 vinaweza kufanya ubaya mahususi: huwadhoofisha bakteria kiasi cha kushusha homa na kuharibu majibu ya maabara, bila kuwamaliza. Diklofenaki na parasetamoli nazo hushusha joto, ndiyo maana mzazi anayezitumia kila baada ya saa nane anaweza kuonekana hana homa ilhali anayo. Ningependa kila mhudumu anayempokea mama wa chini ya siku 42 tangu ajifungue amuulize swali moja kabla ya kuandika dawa yoyote ya homa: unaweza kusimama kwa mguu mmoja, kisha kwa mwingine?

Hukuliandika waziwazi, lakini pengine unajiuliza kwa nini dawa peke yake haikutosha hadi ukapasuliwa. Gegedu, ile nyama ngumu yenye uso laini inayofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Huishi kwa ute wa kiungo. Usaha una vimeng'enya vinavyoitafuna, na kazi hiyo huanza mapema sana, si suala la miezi. Usaha ukizidi kujaa, shinikizo lake hubana mishipa myembamba inayolisha kichwa cha mfupa wa paja, na kichwa hicho kikikosa damu hufa. Dawa husafiri kwa damu, na ndani ya dimbwi la usaha hakuna damu inayofika vya kutosha. Kwa sababu hiyo usaha hutolewa na kiungo kuoshwa, wakati mwingine zaidi ya mara moja, na waliokupeleka chumba cha upasuaji usiku uleule badala ya kusubiri asubuhi walikutendea haki.

Wiki 6 za dawa si adhabu. Mfupa hupokea dawa polepole, na kipande cha mfupa kilichokufa huwa pango ambamo bakteria hujificha wakisubiri dawa iishe. Wagonjwa wengi huogopa wanapobadilishiwa sindano kwenda vidonge, wakidhani hospitali imewachoka. Nchini Uingereza ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, na ulionyesha kwamba vidonge vilivyochaguliwa vizuri katika wiki 6 za kwanza havikuwa duni kuliko sindano za mshipani. Zingatia neno kuchaguliwa. Vidonge vyako vilichaguliwa kwa bakteria wako. Muuzaji wa duka la dawa akikuambia hivyo vimekwisha lakini ana vingine vinavyofanana, mshukuru na upige simu hospitali. Wala usiache siku utakapojisikia mzima, kwa sababu maumivu huisha wiki kadhaa kabla bakteria hawajaisha.

Kutembea kwako kunategemea zaidi idadi ya siku zilizopita kati ya maumivu ya kwanza na kutolewa usaha, na kama kichwa cha mfupa kilinusurika. Kwako zilipita kama siku 10. Si habari njema sana, lakini si ya kukata tamaa. Tumia magongo kama ulivyoelekezwa, ukanyage kwa uzito ule tu uliopimiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, na ufanye mazoezi ya kunyoosha nyonga kila siku, kwa kuwa kiungo kilichougua hupenda kujikunja na kukakamaa. Urudi kupigwa picha hata ukiwa umeshaanza kutembea vizuri, na ziara hizo ziendelee kwa mwaka mzima au zaidi, kwa maana kifo cha kichwa cha mfupa kinaweza kuchelewa kuonekana. Ikitokea kiungo kimeharibika, upo upasuaji wa kuweka nyonga bandia, ambao hapa Tanzania hufanywa katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa mwaka 1996, na katika baadhi ya hospitali nyingine kubwa. Haufanywi mapema. Chuma kikiwekwa palipo na bakteria hugeuka kuwa makazi yao, hivyo daktari bingwa wa mifupa atataka kwanza ahakikishe kwamba uambukizi umekwisha kabisa, na pale unapokataa kuisha huondoa kichwa cha mfupa kilichoharibika na kukuacha kwa muda bila kiungo, kisha akarudi kuweka kipya. Mguu ukibaki mfupi kidogo, fundi viatu anaweza kuongeza soli, na upungufu wa sentimita mbili ukizibwa namna hiyo huwezi kuamini.

Endelea kumnyonyesha mtoto. Dawa za jamii ya penisilini kama kloksasilini, na za jamii ya sefalosporini kama seftriaksoni, huingia kwenye maziwa kwa kiasi kidogo sana. Mtoto anaweza kuharisha kidogo au kuota utando mweupe mdomoni. Mpeleke kliniki akaonwe, lakini usimwachishe titi kwa sababu hiyo. Kaa kwenye kiti kirefu, au lala kwa ubavu wa kushoto, ili nyonga mbovu isibebe uzito. Kama miongoni mwa vidonge vyako kuna rifampisini, usishtuke mkojo, jasho na machozi yako vikiwa na rangi ya chungwa. Ila ujue kwamba dawa hiyo hupunguza nguvu ya vidonge vya majira na ya vijiti vya uzazi wa mpango. Mweleze mhudumu kabla hujategemea njia hizo, kwa sababu kitanzi au kondomu zingekufaa zaidi kwa kipindi hiki. Ujauzito mwingine ungoje hadi nyonga itulie, na utakapofika, mkunga apime mapema kama mapaja yako yanafunguka vya kutosha kwa kuzaa kawaida. Wengi huweza.

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mke wangu amejifungua mtoto wetu wa kwanza siku 12 zilizopita. Anatembea kama bata, akilia kila anapojigeuza kitandani, na maumivu yako mbele kabisa, juu ya mfupa wa kinena. Kupanda ngazi hawezi. Homa hana. Shangazi yangu ametuonya kwamba kuna jirani aliyepooza kwa hali kama hii. Niogope?

Baba Mpya, Tanga

JIBU: Hongera kwa mtoto, ndugu yangu, na ahsante kwa kueleza mahali hasa panapouma, waume wengi huandika tu kwamba mke anaumwa.

Mifupa miwili ya nyonga hukutana mbele kwenye maungio yaliyoshikwa na gegedu na kano. Wakati wa ujauzito homoni hulegeza kano hizo ili njia ipanuke, na kwa baadhi ya wanawake maungio hayo hutanuka kupita kiasi wakati mtoto anapopita. Maelezo yako yanafanana sana na hali hiyo: mwendo wa bata, maumivu ya kujigeuza na ya ngazi. Mama huyu husikia ahueni anapopumzika, maumivu hupungua wiki hadi wiki, na hutibiwa kwa mkanda wa kufunga nyonga, mazoezi na dawa za maumivu. Alale na mto katikati ya magoti, na anapojigeuza au kushuka kitandani ayaweke magoti yote pamoja, asiyatanue.

Hata hivyo maungio hayohayo ya mbele yanaweza kuingiwa na bakteria, na yale ya nyuma, yanayounganisha nyonga na mwisho wa uti wa mgongo, vilevile. Ya nyuma yakiambukizwa maumivu hukaa kwenye tako upande mmoja, na watu hudhani ni mshipa wa kiuno. Tofauti huonekana kwa mwelekeo. Maumivu ya kulegea hupungua. Ya usaha huongezeka kila siku, humwamsha usiku hata akiwa hajajigeuza, na hayasikii dawa. Nunua kipimajoto. Mpime asubuhi na jioni kabla hajameza parasetamoli, na uandike. Akifika nyuzi 38, au akitetemeka kwa baridi, au damu ya uzazi ikitoa harufu mbaya, au asubuhi moja akashindwa kuweka mguu chini, mpeleke hospitali yenye daktari na maabara siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Hata bila dalili hizo, mpeleke wiki hii. Shirika la Afya Duniani hushauri mzazi aonwe katika saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya 6, na mkeo yumo ndani ya ziara ile ya tatu, ambayo familia nyingi huiruka kwa kuwa mama hatoki nje kabla ya arobaini. Ninaiheshimu arobaini kwa kumpa mzazi mapumziko ambayo sheria za kazi haziwezi kumpa. Lakini kutoka kwenda kupimwa si kuivunja. Na huyo jirani wa shangazi, bila kumwona siwezi kusema aliugua nini.

SWALI: Nina selimundu na ninaishi Mwanza. Mtoto wangu ana wiki 5. Nyonga ya kushoto inaniuma kwa siku 6 na ninajua ni zile kriza zangu za maumivu ya selimundu, kwa hiyo ninakunywa maji na dawa. Safari hii lakini haziachi. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, nenda hospitali leo, ukimaliza kusoma mstari huu.

Mwenye selimundu hujifunza kuijua kriza yake kuliko daktari yeyote, na nakuamini unaposema safari hii si kama nyingine. Seli zilizopinda huziba mishipa midogo ya mfupa, na eneo lililokosa damu huwa shamba zuri la bakteria. Zaidi ya stafilokoka, watu wenye selimundu hushambuliwa mifupani na salmonela pia, ambao huingia kwa chakula na maji, na dawa zao si zilezile. Ndiyo maana kwako kuotesha damu na usaha ni jambo la lazima. Kuna uwezekano wa tatu, kwamba kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu bila bakteria wowote, jambo linalowapata wengi wenye selimundu, na kipindi cha ujauzito na baada yake huwa kigumu zaidi kwao. Kriza, usaha na mfupa uliokufa vinaweza kuuma namna moja kabisa. Mwambie daktari siku ngapi zimepita, umetumia dawa gani, na kama ulipata homa, halafu uombe nyonga yako ipigwe ultrasaundi kabla hujapangiwa kurudi nyumbani.

SWALI: Asalaam aleikum, Daktari. Nilijifungua kwa upasuaji miezi 3 iliyopita hapa Mombasa, nikadungwa ile sindano ya mgongo ya ganzi. Tangu hapo kiuno na nyonga zinaniuma nikikaa sana nikinyonyesha. Dada zangu wote wanasema sindano imeniharibu mifupa. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam. Sindano ile huingia katikati ya mgongo wa chini, haifiki kwenye nyonga, na maumivu inayoacha ni ya ngozi na misuli pale ilipopita, ambayo huisha kwa siku chache. Wanawake waliozaa kawaida bila sindano yoyote nao huumwa kiuno kwa miezi, kwa sababu wote wamebeba mimba ileile na wote huinama saa nyingi kumnyonyesha mtoto. Weka mto mapajani mtoto apande hadi kwenye titi badala ya wewe kumshukia, uegemeze mgongo, na ubadilishe upande.

Sindano hiyo inaweza kuleta usaha karibu na uti wa mgongo, lakini ni nadra mno, na hali hiyo haikai miezi 3 ikiuma tu unapokaa. Huja na homa, maumivu makali ya mgongo yanayozidi kila siku, kisha miguu kufa ganzi au kuishiwa nguvu, na kushindwa kuzuia mkojo. Mwenye hayo apelekwe hospitali usiku huohuo. Wewe, kwa maelezo uliyotoa, anza na kiti.